Mkalimani wa Vioo vya Kitaliano

Duka la Bi Mkubwa lilikuwa Al Baraha, mtaa wa nyuma, katikati ya kinyozi na fundi wa mapazia. Tulikuwa tukiuza makochi, makabati, majokofu yaliyokwisha kuchoka katika nyumba za watu wengine, na kila kitu ambacho Mzungu anayehama hawezi kukitia kwenye sanduku. Dubai ya miaka ile haikukosa mtu anayefika na mtu anayeondoka, na anayeondoka siku zote ana haraka. Bi Mkubwa aliipenda haraka ya watu kuliko kitu chochote. "Mwenye haraka habishani," alikuwa akisema, kisha anapeleka gari.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikwenda Dubai kwa kazi za ndani, nikamaliza mkataba na madam wangu kwa salama, ndipo Bi Mkubwa akanichukua dukani kwa sababu moja tu: nilikuwa na Kiingereza. Yeye alisema hana. Alikuwa na Kiswahili cha Unguja, Kiarabu cha sokoni, na Kihindi kiasi cha kugombana na madereva. Alikuwa mwanamke mfupi mnene, umri wa kuitwa bibi, buibui linanukia udi, miwani imening'inizwa kifuani kwa uzi mweusi. Watu wote walimjua kuwa Mzanzibari, naye hakukana. Ila akikasirika ulimi ulikuwa unamteleza, anasema "chiti" badala ya kiti na "chisu" badala ya kisu. Mimi sikujishughulisha. Sisi watu wa Tanga tukisikia Kiswahili tusichokijua tunasema tu ni cha Pemba, tunaendelea na mambo yetu.

Siku moja dereva wetu alirudi kutoka kwenye jumba la watu waliokuwa wakihamia Australia, akashusha meza, vitanda, na maboksi matano yaliyofungwa kwa magazeti. Nikafungua nikidhani ni sahani. Kumbe ni vioo. Samaki wa kioo mwenye mdomo wazi kama anayeulizwa deni. Jogoo mwekundu. Mtu wa kuchekesha mwenye kofia na viatu vikubwa. Bakuli zito kama jiwe la kusagia, jekundu ndani, la rangi ya asali katikati, jeupe nje, na rangi zote tatu zimekaa moja ndani ya mwenziwe bila kuchanganyika. Na chombo kimoja cha maua kilichokuwa kama leso iliyorushwa juu ikagandia hewani, pembe zake zimeinama huku na huku.

"Takataka za watalii hizi," nikasema.

Bi Mkubwa akaichukua ile leso ya kioo, akaiweka mezani kwake, akatia ndani tasbihi, funguo na miwani. "Panga vingine dirishani," akasema. "Na usibebe kwa ukingo kama ndoo ya maji."

Ijumaa iliyofuata wakaja Wataliano. Mke alikuwa mwembamba mrefu, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Mume alikuwa mhandisi wa ujenzi, tumbo mbele, uso wa mtu anayesubiri basi. Mke alipita kwenye makochi na makabati kama hayapo, akaenda moja kwa moja kwenye lile bakuli zito. Akaligeuza kichwa chini. Akapitisha kidole chini yake. Akaliinua kwenye mwanga, akalitazama kwa ubavuni, akalirudisha taratibu mno, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu asiyejali:

"Zuri. Kitu cha watalii. Labda nitaliweka jikoni, nitie vitunguu."

Baada ya hapo akamgeukia mumewe na kumwaga Kitaliano kingi cha haraka, macho yake yako kwenye feni ya juu kana kwamba anazungumza habari za joto. Mume akamjibu kwa sauti kubwa, pole pole, akirudia maneno.

Nikamwambia Bi Mkubwa, "Anasema ni zuri kidogo, la watalii, analitaka la kutilia vitunguu."

Bi Mkubwa alikuwa amefumba macho, anavuta tasbihi. "Mwambie hilo siuzi. Nimelizoea."

"Bi Mkubwa, limefika juzi."

"Mwambie mimi nazoea upesi."

Nikatafsiri. Yule mke akataja bei. Bi Mkubwa akasema hapana. Akataja nyingine. Bi Mkubwa akasema bakuli lina jamaa zake dirishani, haliwezi kutengana nao. Mwisho yule madam wa Kitaliano akaondoka na samaki, ambaye Bi Mkubwa alimtoa kwa bei ya kutupa bila hata kufumbua macho. Walipotoka nikamuuliza kwa nini samaki amemwachia rahisi vile.

"Samaki ni mpya," akasema. "Hana lolote."

"Umejuaje? Hujamgusa!"

"Wewe unamgusa kila siku unapofuta vumbi. Umejua nini?"

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila Ijumaa baada ya sala wanakuja wale wawili. Madam akikisifia kitu kwangu, Bi Mkubwa anakiuza papo hapo. Akikidharau, Bi Mkubwa anakishikilia kama mtoto wa kwanza. Hakukosea hata mara moja. Nilianza kumwogopa. Nilikuwa nikimtazama anavyokaa pale na tasbihi yake, hasogei, hatazami, nikasema moyoni mwangu huyu mama ana kitu.

Kazi ya ukalimani haikuwa nyepesi, maana wote wawili walikuwa na ndimi kali na mimi nilikuwa nataka amani. Siku moja Bi Mkubwa aliniambia, "Mwambie huyu mwembamba ana mkono wa birika." Nikamwambia madam, "Anasema una mikono ya fundi." Madam akatabasamu, akainamisha kichwa kushukuru.

"Mbona amefurahi?" Bi Mkubwa akauliza.

"Ndiyo mila zao."

Siku nyingine madam alichoka na ubishi, akaniambia, "Mwambie tajiri wako yeye ni mwizi, ila anaibia akiwa amekaa kwenye kiti." Nikamwambia Bi Mkubwa, "Anakisifu kiti chako." Madam akageuka na kumrudia mumewe maneno yale kwa Kitaliano, wakacheka. Bi Mkubwa akanitazama muda mrefu kidogo.

"Mwambie ahsante," akasema, "kiti nilikipata kwa halali."

Nilifurahi jinsi nilivyoyapitisha yale. Nilijiona mkalimani wa serikali.

Wakati Bi Mkubwa na yule mume wakikaa kimya wakitazamana juu ya kahawa, madam alikuwa akinichukua pembeni na kunifundisha. Hakufanya hivyo kwa kunipenda. Aliniona nikikamata jogoo kwa shingo, akashindwa kuvumilia. Aliniambia vitu vile vizuri vinatoka kisiwa kidogo karibu na Venisi, kinaitwa Murano, ambako mafundi wanapuliza kioo kwa mdomo, baba na mwana, toka enzi na enzi. Vilivyotoka huko miaka ya hamsini na sitini, Ulaya ilipokuwa inatoka vitani na watu wanataka rangi nyumbani mwao, ndivyo watu wanavyovikimbilia. Na kwa sababu wanavikimbilia, kila mwenye tanuri duniani anaviiga.

"Pitisha kucha ubavuni," akaniambia. "Ukikuta mstari kutoka mdomoni mpaka miguuni, kimebanwa kwenye kalibu. Mashine. Kilichopulizwa hakina mshono."

Kisha akanionyesha chini. Fundi akimaliza kupuliza, chombo hushikizwa kwenye ufito wa chuma kwa chini ili amalizie mdomo, halafu kinavunjwa kutoka kwenye ule ufito. Panabaki kovu. Kazi mbaya inaliacha linakwaruza. Kazi nzuri hulisaga mpaka likawa laini kama alama ya dole gumba kwenye unga. Mimi nikaliita kitovu, na yeye nilipomweleza maana yake akapenda mno, akawa anasema "kitovu, kitovu" kwa lafudhi yake mpaka kinyozi wa jirani akachungulia.

Tena kuna mikwaruzo. Chombo kilichokaa juu ya makabati miaka arobaini, kinafutwa vumbi na kusogezwa, chini yake kina mikwaruzo midogo midogo inayokwenda kila upande, kama njia za mbuzi. Ukiona yote imelala upande mmoja, hapo kuna mtu na msasa wake. Kuhusu vibandiko vya jina la kiwanda alitikisa kichwa tu. Karatasi, alisema, mtu anaichapa popote.

Elimu ile ilinilevya. Mtaa wa Karama, nilikokuwa nimepanga kitanda na Wakenya watatu, hakikubaki kikombe nisichokipindua. "Wewe siku hizi ni kuangalia tu matako ya vikombe," mmoja wao akaniambia, yeye alikuwa mapokezi hotelini na mdomo wake haukuwa na likizo. Nikamwambia hajui sanaa. Wiki ile ile nilipata kwenye boksi dukani kikombe kinene cha kioo chekundu, kizito, kina mikwaruzo ya njia za mbuzi hasa, nikakaa nacho mpaka Ijumaa nikiwa nimekwisha kukitungia historia. Madam akakipokea kwa mikono miwili. Akakinusa. Akanirudishia ninuse na mimi. Kilinuka mchaichai. Kilikuwa kikombe cha mshumaa wa kufukuzia mbu.

Bi Mkubwa alicheka mpaka akaomba maji.

Pamoja na hayo, madam alikuwa akimheshimu Bi Mkubwa kila wiki zaidi ya iliyopita. Siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Amesomea wapi? Hatazami hata. Mimi nimeishi na vioo maisha yangu yote na lazima nivishike." Nikamuuliza Bi Mkubwa. Akafumbua jicho moja.

"Mwambie kioo chenyewe ndicho kinachoniambia."

Nilipotafsiri, madam alijisugua mikono kama aliyepigwa na baridi. Mumewe akashikwa na kikohozi ghafla, akatoka nje.

Halafu madam akaja siku ya Jumatatu, peke yake, na kifurushi kifuani. Mume alikuwa kazini. Akafungua kitambaa mezani, ndani kuna chombo cha maua chembamba, shingo ndefu, buluu inayoingia kijani. Akaniambia mumewe alimpa walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na kwamba kilitoka kwenye nyumba ya shangazi yake mzee aliyefariki. Hataki kukiuza. Anataka tu Bi Mkubwa amwambie umri wake.

Nilimwona Bi Mkubwa akifanya mambo ambayo sikuwahi kumwona akiyafanya. Aliweka tasbihi chini. Alivaa miwani. Alikishika kile chombo kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa, akakipigapiga kwa ukucha, mwisho akakiweka sikioni. Sisi wawili tulikuwa tumesimama kama tuko kwa mganga.

"Mwambie hiki ni kigumu kukisemea," akatamka hatimaye. "Aniachie mpaka Ijumaa, aje na mumewe."

Madam akakubali, akatoka. Mimi nikakipindua kile chombo. Mikwaruzo ya chini ilikuwa imelala yote upande mmoja, kama nywele zilizochanwa.

"Bi Mkubwa, hiki..."

"Nyamaza."

"Lakini ni cha juzi juzi."

"Nimekwambia nyamaza. Nenda kapake mafuta lile kabati."

Kabati lile lilikuwa kubwa, la milango mitatu, na kulipaka lilinichukua siku kadhaa kwa sababu wateja walikuwa wakinikatiza. Jumatano mchana nilikuwa bado nimechuchumaa nyuma yake na kitambaa changu, nikasikia mlango. Akaingia yule mume, peke yake, viatu vya vumbi la saruji, kofia ngumu ya kazini mkononi. Nikasema nitoke nikamtafsirie. Kabla sijainuka, akaanza kusema na Bi Mkubwa kwa Kitaliano.

Na Bi Mkubwa akamjibu.

Hakumjibu kwa neno moja la kuokoteza. Alimjibu kwa sentensi ndefu zenye mikono, zenye kuinua nyusi, zenye kupiga meza. Akamkatiza. Akamcheka. Nilitoka nyuma ya kabati kama jini aliyekosa chupa yake.

"Funga mdomo," Bi Mkubwa akaniambia kwa Kiswahili, "nzi wataingia."

"Unajua Kitaliano!"

"Uliniuliza?"

Ndipo akaniambia. Hakuzaliwa Unguja. Alizaliwa Barawa, pwani ya Somalia, ambako watu wa mjini wana Kiswahili chao cha kale, ndiyo hiyo "chiti" na "chisu" yake. Unguja aliolewa tu. Siku za utoto wake nchi ilikuwa mikononi mwa Wataliano. Baba yake alikuwa akiuza makubadhi ya ngozi na wateja wake wakubwa walikuwa hao, na mtoto wa kike alipelekwa kwa masista asome ili ajue baba anapoibiwa. Akasimama nyuma ya meza ya duka akiwa hajafikia urefu wa hiyo meza, anasikiliza wateja wanavyonong'onezana bei halisi kabla ya kutaja ya uongo.

"Kwa hiyo vioo haviongei," nikasema.

"Huyo mwembamba anaongea vya kutosha."

Kumbe madam alikuwa akiniambia mimi "vitunguu", kisha anamgeukia mumewe na kumwambia ni cha mwaka gani, ni cha fundi wa namna gani, na yuko tayari kutoa hata mara nne ya bei aliyoitaja. Bi Mkubwa anasikia yote, anavuta tasbihi. Nikamtazama yule mume, nikidhani atakasirika. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Yeye aligundua tangu Ijumaa ya pili, akanieleza kwa Kiingereza. Alikuwa amemsimulia mkewe kichekesho cha padri na punda wake, akaona tasbihi ya Bi Mkubwa imesimama na tumbo linatikisika. Hakusema kitu. Toka siku hiyo alikuwa anamwuliza mkewe maswali kwa makusudi, kwa sauti kubwa, pole pole, ili Bi Mkubwa asipitwe na neno, apandishe bei, na vioo vibaki dukani.

"Nyumba yangu imejaa," akaniambia, ameshika kofia yake kifuani. "Kuna bata sita wa kioo kwenye beseni la kuogea. Nikitaka kuoga nawahamisha mmoja mmoja. Nikimvunja mmoja nitazikwa hapa hapa Dubai."

Lakini siku ile hakuja kucheka. Alikuja kwa ajili ya kile chombo cha buluu. Siku ya ile miaka ishirini na mitano alikuwa amesahau kabisa. Alikumbuka wakiwa safarini yeye na mkewe, akakinunua kwenye duka la zawadi jirani na stesheni ya treni, akamtunga shangazi aliyefariki, na usiku ule hotelini akajifungia chooni akalisugua lile tako la chombo kwa tupa ya kucha ili lionekane la zamani. Sasa anamwomba Bi Mkubwa aseme ni kikongwe.

Bi Mkubwa akatikisa kichwa, akanitafsiria na mimi nisikie. "Mwenzangu, bei naweza kuidanganya mpaka kiyama, kwa sababu bei ni yangu. Umri wa kitu si wangu. Lakini nitatafuta maneno."

Ijumaa wakaja. Mume aliketi pembeni kabisa, kwenye kochi lililokwisha kuuzwa, jasho linamtoka. Mimi nilisimama mahali pangu, katikati. Chombo cha buluu kilikuwa mezani.

"Mwambie hivi," Bi Mkubwa akaanza, kwa Kiswahili cha mimbari. "Kioo hiki ni kichanga. Lakini aliyekitoa alikitoa kwa mapenzi ya siku nyingi, na hayo ndiyo yenye thamani."

Nikatafsiri vizuri kuliko siku zote. Madam akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu, akavua miwani yake akaipangusa. Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, uso haujabadilika hata kidogo, akamwambia Bi Mkubwa sentensi fupi ya Kitaliano.

Bi Mkubwa akaruka. Sikujua kama anaweza kuruka. Alijipiga bega, akajipiga shingo, ushungi ukaenda huko, ndara zikaenda huko, akawa anazunguka nyuma ya meza akipiga kelele, "Yuko wapi? Yuko wapi? Mtoe! Nitoleeni!"

Hapakuwa na kitu. Tukawa tunasikia redio ya kinyozi. Mume alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

"Amesema nini?" nikauliza. Nilimwuliza Bi Mkubwa, nikamwuliza mume. Mkalimani mzima, natafuta wa kunitafsiria.

Madam akanihurumia. "Nimemwambia ana mende begani," akasema kwa Kiingereza.

Bi Mkubwa haogopi polisi, haogopi kafeel, yaani tajiri mdhamini, wa mtu yeyote, ila mende, mende humtoa roho. Alisimama pale kichwa wazi, akamtazama madam, na madam akamtazama yeye, nikaona midomo yao wote wawili inaanza kucheza. Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa Bi Mkubwa.

Madam akasema alishaanza kushuku. Si haki, alisema, mtu asikosee hata mara moja. Ndiyo maana alileta kile chombo siku ambayo mumewe hayupo, aone kama kioo kitaongea bila wao kuongea. Na kuhusu kile chombo chenyewe, alijua ni cha duka la stesheni tangu dakika aliyopewa. Mikwaruzo ilichanwa kama nywele, na katika kovu la chini ilikuwa imeganda chembe ya rangi ya kucha, nyekundu, ya kwake mwenyewe. Tupa ilikuwa yake.

Mume akafunua uso. "Ulijua? Miaka yote hii?"

Alimjibu kwa Kitaliano na Bi Mkubwa akanipa kwa Kiswahili, sasa mambo yamegeuka, yeye ndiye mkalimani. "Anasema, mwanamume asiyependa vioo amekaa chooni usiku mzima anamsugulia mke wake kioo. Anasema shangazi wa kweli asingefaa kitu."

Yule mume akanywa kahawa yangu.

Baada ya hapo walizungumza wao wawili, Bi Mkubwa na madam, mpaka adhana ya alasiri. Kitaliano cha Bi Mkubwa, nilikuja kuambiwa, kilikuwa cha masista wa zamani, kimejaa maneno ambayo madam hakuyasikia tangu bibi yake mzaa mama afariki, na kila likitoka moja alikuwa anashika mdomo. Nilidhani wamenisahau. Hawakunisahau. Ghafla wote wakanigeukia, nikaona nyuso mbili zimewaka kwa raha mbaya.

"Mkono wa birika," Bi Mkubwa akaniambia, "kwa Kiingereza unaitwaje?"

Nikachukua kitambaa changu cha vumbi.

"Na mwizi aliyekaa kwenye kiti?"

Waliyapitia yote, moja baada ya jingine, Ijumaa baada ya Ijumaa. Kila tusi la madam nililolipaka asali, Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kulisikia kwa Kitaliano madam alipomrudia mumewe. Bi Mkubwa alijua siku zote ninavyomdanganya, akaniacha nijione hodari. Nilitamani kurudi nyuma ya kabati. Lakini hawakunikasirikia, kila tusi lililopita mikononi mwangu liliwachekesha zaidi lilipofika kwa mwenyewe likiwa safi.

Tangu siku hiyo sikuwa na kazi ya Ijumaa. Wao wanakaa mezani na kahawa, wanazungumza lugha yao, mimi natumwa maji. Sitasema sikuona wivu. Niliona, tena wa wazi, nikawa nafuta vumbi kwa kelele. Madam akaniona, na kuanzia hapo akanifundisha kwa kunipenda sasa, akinifunga macho kwa kitambaa nitambue chombo kwa vidole. Nilijifunza kwa kweli. Miaka iliyofuata, Bi Mkubwa alipokuwa anachoka, mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwenye majumba ya wanaohama kutazama vioo, na kwenye vyombo kumi nilikosea labda viwili, jambo ambalo Bi Mkubwa hakuacha kulitaja.

Aliyeumia ni yule mume. Mpango wake wote ulisimama juu ya ugomvi wa wale wawili, na sasa hawakugombana. Wiki chache baadaye Bi Mkubwa alimwuzia madam vioo vyote alivyokuwa amemnyima, kwa bei ya rafiki, isipokuwa ile leso ya tasbihi, ambayo alisema kwa kweli ameizoea. Tulivifunga mchana kutwa kwa magazeti na mataulo. Mimi na mume tukawa wapagazi, tulikuwa tunapishana mlangoni, yeye amekumbatia jogoo, na kila tukipishana ananinong'oneza, "Beseni. Nitaoga wapi?"

Buti ya gari ikajaa. Viti vya nyuma vikajaa. Lilibaki lile bakuli zito, na kiti cha mbele. Madam akalikalisha kwenye kiti, akalivutia mkanda, akauangalia mara mbili, akaingia upande wa usukani. Akateremsha kioo cha dirisha na kumwambia mumewe jambo.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Nichukue teksi," akasema.

Gari likakunja kona. Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kurudi ndani kwenye feni. Nikasimama na yule mume barabarani kwa adabu. Ijumaa jioni Al Baraha teksi ni za kuomba dua, na kila iliyopita ilikuwa na watu. Mwisho kinyozi akatutolea viti viwili, akamwuliza yule Mtaliano kama hataki kunyoa ndevu wakati anasubiri, na yeye akasema sawa, akaingia.